Picha Tatu za Kufuli

Ta-ta-ta, kifuniko cha birika kilicheza jikoni kabla hakujapambazuka, na Chiriku akafumbua macho. Jina hilo alipewa na shangazi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa amekuja kwa shangazi kukaa wiki moja ya likizo. Mama yake alimwachia simu ili apige picha za safari, maana mwalimu alitaka kila mwanafunzi alete picha tano na kueleza alikokwenda.

"Mtaa huu ni wa mafundi," shangazi alikuwa amemwambia jana yake. "Piga picha utakavyo, lakini kwanza uwaamkie watu na uombe ruhusa."

Chiriku aliona hayo ni ya kumchelewesha. Mtu akiombwa ruhusa husimama wima kama mlingoti, na picha inaharibika. Basi alichukua simu, akanyata, akatokea mlango wa uani.

Mtaa ulikuwa kimya. Mwanga wa kwanza uligusa milango, na kila mlango ulikuwa na urembo wake: bawaba yenye kutu, komeo la mbao, rangi iliyobabuka. Mbele ya karakana ya seremala palikuwa na kufuli kubwa la shaba. Chiriku alilipiga picha tatu, mbili kwa karibu na moja kwa mbali. Kisha akarudi mbio, akanywa chai yake kama mtu aliyeamka sasa hivi.

Saa mbili asubuhi kelele zikaanza.

"Randa yangu! Randa ya marehemu baba!"

Alikuwa seremala, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kile chombo cha kulainishia mbao alikirithi, na hakuwahi kumwazima mtu. Kufuli lake lilikuwa limefungwa, lakini kwenye pete moja tu ya mlango. Pete ya pili, ile ya kwenye mwimo, ilikuwa tupu.

"Mwizi huyu ana ufunguo," alisema. "Kafungua, kachukua, kafunga tena kwa pupa."

Kinyozi wa ng'ambo ya njia, anayelala chumba cha nyuma ya duka lake, alitoka na mswaki mdomoni. "Mzee wangu, mimi nimeona kitu alfajiri. Mtoto wa kike, mgeni, anapiga picha makufuli! Nikamwangalia dirishani, kisha nikarudi kulala. Siku hizi ufunguo unachongwa kwa picha tu."

"Kwa picha?"

"Kwa picha! Dunia imekwisha."

Watu waliangaliana, kisha wakaangalia nyumba ya shangazi. Hata mama muuza nyanya, ambaye jana alimpa Chiriku nyanya moja ya kuonja, alivuta kapu lake karibu.

Shangazi alifungua mlango. "Chiriku, umepiga picha mlango wa babu seremala?"

"Hapana, shangazi. Nilikuwa nimelala."

Shangazi alitazama chini. "Na tope hili la umande kwenye kandambili zako, limeota ndotoni?"

Kinyozi akacheka. Seremala hakucheka. "Lete simu, mjukuu wangu," alisema taratibu, na upole ule ulimchoma Chiriku kuliko kelele.

Alikimbilia chumbani, akafungua picha. Azifute? Nani angejua? Lakini ile ya tatu ilimgandisha. Pembeni, mgongo ukionekana, alipita Mama Gundi, fundi viatu, ambaye Chiriku hakumwona alipokuwa akipiga. Amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa ndani ya aproni yake ya ngozi, na mpini wa mbao umechomoza.

Mama Gundi ndiye aliyemshonea ukanda wa kiatu uliokatika juzi, akamfuta machozi pia. Mama Gundi, mwizi? Akionyesha picha, anamtia mtu huyu mwema mashakani. Akiifuta, shangazi atabaki katika mtaa huu akiitwa mfuga mwizi, hata yeye Chiriku atakapokuwa amesharudi kwao.

Alitoka na simu. "Shangazi, nilidanganya. Nilipiga, na sikuomba ruhusa. Ziko zote tatu."

Simu ilipita mkono kwa mkono. Kinyozi aliruka. "Loo! Kumbe ni Mama Gundi! Nilisema mimi, yule mama anacheka mno!"

"Ulisema lini?" shangazi alimuuliza. "Muda mfupi uliopita ulikuwa unasema ni mtoto wangu. Picha imeonyesha alichobeba, haijaonyesha kwa nini amekibeba. Duka lake bado limefungwa; tumngoje mwenyewe."

Wakangoja. Hakuna aliyefungua duka. Kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, kama vile wizi ni upele, unaambukiza.

Saa nne Mama Gundi alitokea na furushi la soli kichwani, akitokea sokoni. Alishangaa kuona watu. "Vipi, kuna msiba?"

"Randa yangu," seremala alisema.

"Iko kwangu, chini ya meza. Mzee, wewe jana ulifunga kufuli kwenye pete moja! Mlango ulikuwa unajipepea wenyewe. Ufunguo sina, sokoni nachelewa, nikachukua kile ninachojua ukikikosa utaugua." Akamgeukia kinyozi. "Kwani huyu hakukwambia? Nilimgongea dirisha nikamweleza yote, akanijibu 'mmh'."

"Mimi?" mswaki aliokuwa bado ameushika ulimdondoka kinyozi. "Hiyo 'mmh' ilikuwa ya usingizi!"

Mtaa mzima uliangua kicheko. Seremala alivua miwani, akarudia kutazama picha ya kwanza kwa karibu. Kweli, kufuli lilikuwa limening'inia kwenye pete moja. Alishika mkono wa Mama Gundi, akamshukuru. Kisha akamwambia Chiriku, "Nisamehe, mjukuu wangu."

"Na mimi nisamehe, babu."

Jioni, walipokuwa wakichambua mchele, shangazi alimwambia, "Mtu anayetazama milango ya watu kimyakimya hutiliwa shaka hata kama ana nia njema. Ungeomba ruhusa, babu angetoka nyumbani kuja kukufungulia. Ungesema kweli mara ya kwanza, shaka juu yako isingezidi. Lakini uliitoa picha ulipoweza kuifuta, na hilo nimeliona."

Siku zilizobaki Chiriku aliomba ruhusa kila mlango. Wengine walisimama kama mlingoti kweli, wengine walikataa, naye akashukuru akapita.

Asubuhi ya kuondoka, seremala alimsubiri kituoni akiwa na fremu ndogo ya mbao, laini kama kioo. "Ya kuwekea picha utakayoipenda," alisema. Basi liliponguruma alisogea dirishani. "Likizo ijayo uje tena, mjukuu wangu. Usitusahau."