Makaa Yasiyo na Majivu

Makaa yaliwaka tangu asubuhi na hayakuacha majivu. Bilan alikiinamisha chetezo, akakigonga kwa kijiti, lakini halikutoka hata vumbi. Vipande vya jana vilikuwa mle mle, vyekundu, kama vimewashwa sasa hivi.

"Mwanangu kakuletea makaa mazuri, unataka na majivu pia?" Habibo, mama mkwe wake, alicheka huku akinyunyiza ubani. "Nyinyi wa siku hizi hamridhiki, wallahi."

Binti wa Bilan, Sagal, alikuwa hajatimiza siku arubaini. Kila asubuhi na kila magharibi bibi yake alimfukiza, kama walivyofukizwa watoto wote wa ukoo huo, ili majini wakae mbali. Lakini kila alipofukizwa, kifua kilimbana, mbavu zikazama na pumzi ikatoka kwa mluzi mwembamba. Kadiri alivyobanwa, ndivyo Habibo alivyoongeza ubani, na ubani hauchomwi bila makaa.

Makaa yalikuwa ya Keinan, mumewe Bilan. Hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Ukame ulipomaliza ng'ombe wake alianza kuchoma makaa kwa miti iliyokwisha kukauka. Ilipokwisha hiyo akageukia mibichi, kama walivyofanya wengi pale Sangailu, na malori yakapakia bila kuuliza. Mwisho, ukiacha mti wa kisimani, ulibaki mgunga mkubwa wa njia ya malishoni, ambao wazee waliusalimu wakipita na hawakuketi chini yake adhuhuri. Keinan alijua hayo yote. Aliukata akisema bismillahi.

Alhamisi, jua likiwa la utosini, Bilan alisikia watu wawili wakipumua. Mmoja alikuwa Sagal. Wa pili alikuwa ndani ya chetezo: mtoto alipotoa pumzi, yale makaa yaliivuta, yakang'aa, mtoto alipovuta, yakafifia, na mluzi uleule mwembamba ukatoka katikati yake.

"Keinan," alinong'ona. "Njoo usikilize."

"Ni upepo."

"Upepo uko wapi?"

Mikeka ya nyumba haikutikisika. Keinan aliinamia chetezo, akausikia mluzi.

"Ulikata mti gani?"

Alimwambia, akitazama chini.

Alasiri aliletwa Maalim Kerrow, aliyekuwa akiwasomea wagonjwa wa kijiji. Akaketi kando ya mtoto, akaomba chetezo, maana ndivyo kazi hiyo ianzavyo, na Habibo akakisogeza na kutia ubani. Maalim akaanza kusoma. Moshi ukainuka kidogo, ukasimama kama unaosikiliza, kisha ukashuka, ukatambaa juu ya mkeka ukiupita mguu wa Maalim na goti la Habibo, haukumgusa mtu, ukapanda kitandani polepole kama paka anayejua mahali pake pa kulala, ukaingia puani mwa mtoto, ukaendelea kuingia, hata Sagal akawa wa buluu midomoni na mbavu zake hazikuinuka tena.

"Ni makaa!" Bilan alipiga kelele. "Jini mwenyewe yumo makaani! Tunamfukuza kwa kumtia ndani ya mtoto!"

Akamwaga ndoo nzima ya maji juu ya chetezo. Makaa yakazimika bila sauti. Nyumba ikajaa harufu ya majani mabichi yaliyonyeshewa mvua, na hapo Sagal akafumbua macho, akawatazama mmoja mmoja.

"Nionyesheni kivuli," alisema. Sauti ilikuwa nzito, ya mzee aliyechoka. "Nionyesheni kivuli, nitoke."

Habibo alijifunika uso kwa shungi. Maalim alimwinamia mtoto.

"Rudi ulikotoka," alisema.

"Ni wapi?"

Kutoka mlangoni hadi barabarani palikuwa na visiki tu.

"Kuna mti mmoja bado," Keinan alisema. "Ule wa kisimani."

"Huo umejaa. Tumesongamana humo kama wakimbizi wa kambini, na kila siku wanakuja wengine." Kifua kidogo kilipanda kwa taabu. "Sina ugomvi na mtoto. Pumzi yake ndiyo kivuli pekee nilichofikishwa."

"Atakufa," Bilan alisema. "Ni mdogo, hawezi kukubeba."

"Najua."

Keinan akapiga magoti, mdomo wake karibu na wa bintiye.

"Warya, wewe Keinan!" Maalim alimshika bega. "Usilitamke neno hilo. Likishatoka halirudi."

"Mimi ndiye niliyekukata," Keinan alisema. "Ingia kwangu."

Akavuta pumzi, ndefu kuliko pumzi ya mtu. Sagal akalia, kilio cha mtoto mchanga kabisa, na Bilan akambeba, akamnyonyesha huku machozi yakimdondokea mtoto kichwani. Keinan alisimama, akatoka nje.

Hakuingia ndani usiku ule. Kesho yake adhuhuri, saa ambayo kivuli cha mtu hukaa chini ya nyayo zake, Bilan alichungulia mlangoni. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kichwa wazi juani. Kivuli chake kilitanda uwanja mzima kama cha mgunga, chenye matundu madogo ya mwanga yaliyochezacheza, ingawa hapakuwa na upepo. Mbuzi walikuwa wamelala humo, wakicheua.

"Keinan," aliita.

Mbuzi mmoja aliinua kichwa. Keinan hakugeuka. Na mbali, kutoka upande wa kisimani, kitu kisichoonekana kilikuwa kikija kwa haraka kuelekea kivuli hicho, kikipeperusha vumbi, na nyuma yake kingine, na kingine tena.