Kebaso Aomba Likizo kwa Kizungu

Kupika ugali wa mtu mmoja ni kazi. Ukipunguza unga, hushibi. Ukiongeza, unabaki unakuangalia mpaka asubuhi.

Kebaso alikuwa mchuma chai upande wa Kimulot. Aliishi peke yake katika nyumba ya kampuni. Mke wake, Nyamoita, alikuwa nyumbani Kisii akilima shamba. Walikuwa na mtoto, Kemuma, lakini Kebaso hakuwa amemwona bado. Siku moja watu waliotoka Kisii walimwambia, "Binti yako ameota meno." Jioni hiyo Kebaso aliisalimia hata sufuria, kwa kukosa mtu.

Kesho yake akaamua kuomba likizo. Nyapara wake, Kipkorir, akasema, "Ngoja nikuombee."

"Acha. Mimi nasoma ngumbaru na watu wazima wenzangu. Nitaongea Kizungu mwenyewe."

Meneja alikuwa mgeni, Kiswahili hajui. Kebaso alivua kofia, akasema, "Sir, I want to leave."

Meneja alishangaa. Akauliza jambo. Kebaso hakuelewa, akajibu, "Yes, sir!" Meneja akampa mkono. Kebaso akatoka kifua mbele. Likizo ya kupewa mkono!

Jioni Kipkorir akasimama mlangoni kwa Kebaso, akasema kwa lafudhi ya kwao, "Kepaso, mbona umeacha kasi? Nimeambiwa nyumba hii nimpe mtu mwingine."

"Nani ameacha kazi?"

"Wewe. Umemwambia meneja mwenyewe."

Bila kazi, Kemuma angekula nini? Akakimbia kwa jirani yake Chepkemboi, mwalimu wa ngumbaru.

"Ulisema nini hasa?" Chepkemboi aliuliza.

"I want to leave."

Chepkemboi akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akaona uso wa Kebaso, akamvutia kigoda.

"Pole, baba Kemuma. Ulisema, 'Nataka kuondoka.' Sema, 'I want leave.' Hiyo ni kuomba likizo. Ukiiwekea *to* mbele, umejifukuza."

"Kadudu kadogo hivyo?"

"Hata siafu ni kadogo."

"Basi nitasema *holiday*."

"*Holiday* ni sikukuu. Siku hiyo hata meneja hachumi chai."

"Hata siku zingine hachumi, mwalimu. Na *off*?"

"*Off* ni siku moja ya kupumzika. Utafika Kisii, usalimie mtoto, ugeuke hapo hapo. Wewe omba *leave*."

Asubuhi Kebaso alirudi kwa meneja. Njiani alirudia maneno kama mtu anayesali.

"Sir, I do not want to leave. I want leave."

Meneja akamwangalia. Halafu akacheka, akamwita Kipkorir. Kazi ikabaki ya Kebaso, nyumba pia. Na likizo akapata.

Nyumbani, Kemuma alimwona huyu mgeni, akalia, akajificha kwa mama yake. Kebaso hakumlazimisha. Alikaa tu karibu. Siku zikapita, mtoto akakamata kidole chake. Akakiuma kwa yale meno.

"Aii!" Kebaso alipiga kelele, akicheka. Alikuwa hajacheka na mtu siku nyingi.

Likizo ikaisha. Kebaso alipobeba mfuko wake, Kemuma alilia tena. Safari hii alimnyooshea mikono.

"Baba anaenda, mama," Nyamoita alimbembeleza mtoto.

Kebaso akasimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Hii sasa," alisema polepole, "ndiyo ile *leave* yenye *to*."