Kompyuta Iliyogawanywa Msibani

Pale Bombambili, mjini Songea, kulikuwa na mpiga chapa mmoja jina lake Tadei. Alikuwa na kibanda cha steshenari. Kibanda chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Lakini Tadei alichapa kwa kasi ya ajabu. Kuku wa jirani wakisikia vibonyezo vyake walikimbilia uvunguni, wakidhani mvua ya mawe imeanza. Anayebisha akawaulize kuku.

Mkewe, Kunegunda, alijifunza kuchapa kwa kumtazama. Asubuhi walifungua pamoja. Tadei alichapa barua, maombi ya kazi na ratiba za harusi. Kunegunda alikata karatasi na kupokea wateja. Mchana alifunua hotpoti ya ugali. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana Tadei akichapa hakusikia njaa.

"Baba Renatha, ugali unapoa!"

"Mstari mmoja tu, mke wangu."

Mstari mmoja wa Tadei ulikuwa mrefu kama barabara ya kwenda Tunduru.

Siku moja Tadei akabuni dawa. Alijirekodi kwenye simu yake akiiga sauti ya mkewe. Aliifanya nyembamba, ya kukwaruza, ya kulalamika: "Baba Renathaaa! Ugali unapoaaa!" Kisha akaifanya iwe kengele. Kila adhuhuri simu ikapiga kelele hiyo. Wateja wakavunjika mbavu.

"Mimi ndivyo ninavyoongea?" Kunegunda aliuliza. "Kama mbuzi aliyebanwa na mlango?"

"Mbuzi ana afadhali," Tadei akajibu, akavuta sahani.

Masika yalipoingia, Tadei akaugua mapafu. Kunegunda alimpeleka hospitali akiwa anatembea. Alimrudisha nyumbani akiwa ndani ya sanduku.

Siku ya kumaliza msiba, ndugu walikaa kugawana vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Huyu alipewa koti, yule akapewa baiskeli. Ikafika zamu ya kompyuta.

Leodegari, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa mkulima wa tumbaku kule Namtumbo. Aliinama akagonga lile boksi jeusi la chini ya meza.

"Kompyuta yenyewe ni hii," alisema. "Hivyo vingine ni kioo na vibonyezo tu. Mimi nachukua hili, liwasaidie vijana wa ukoo."

Bernadina, dada wa marehemu, alitoka Peramiho. Yeye alichukua printa. Kunegunda akabaki na kioo, kibodi, kipanya na simu ya mumewe. Hakusema neno. Mjane akidai vitu msibani, watu husema alikuwa akingoja mume afe.

Aliyesema ni Asma, jirani yao wa kibanda cha pili. Asma aliuza chaja na kava, na alitengeneza simu. Alikuwa Myao wa Tunduru, nao walikuwa Wangoni, kwa hiyo alijiita mtani wao. Na mtani msibani haogopi mtu.

"Wangoni jamani!" alipaza sauti. "Mna ng'ombe wa maziwa, mnamkata vipande! Huyu kachukua kichwa, huyu kachukua kiwele. Mjane mmempa mkia na pembe. Haya, kesho atamkamua nani?"

Watu walicheka. Mtani hata akisema kweli, watu husikia utani.

Kibanda kikafungwa. Kunegunda alishinda nyumbani, ameegemea ukuta. Simu ya Tadei aliiweka kando yake, akaichaji kila siku. Adhuhuri ikifika, simu iliita: "Baba Renathaaa! Ugali unapoaaa!"

"Mstari mmoja tu," Kunegunda alijibu polepole. Wala ugali haukuwepo. Tangu mazishi hakupika mchana.

Mwenye jengo akaja, kofia mkononi.

"Mama Renatha, nakuonea huruma," alisema. "Lakini mwezi ukiisha mlango bado umefungwa, nitampa muuza chipsi."

Kwa Kunegunda, kibanda kile ndicho kilichobaki cha mumewe. Leo kinuke mafuta ya chipsi?

Usiku ule alitamani walau kumwona Tadei kwenye picha. Kulipokucha alimpigia Leodegari.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, shemeji. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Naomba picha zetu. Zimo ndani ya ile kompyuta. Za harusi, za ubatizo wa Renatha, zote."

"Shemeji," Leodegari alisema, "fundi wa huku alisema mashine imejaa. Akaifuta ili iende haraka."

"Alifuta nini?"

"Yote. Sikujua, shemeji," Leodegari aliendelea. "Nilidhani kompyuta ni kama debe. Ukimwaga mahindi, si bado yapo chini hapo, unayazoa?"

Kisha Kunegunda akamsikia mzee mzima akivuta kamasi. Hakuweza hata kumkasirikia. Alikata simu, akaichukua ile ya Tadei, akaifunga kwenye kanga. Akaifungia ndani ya sanduku la nguo. Aliitoa kuichaji tu. Hata Renatha, binti yake, hakuruhusiwa kuigusa.

Ikawa kila adhuhuri sauti inatoka sandukuni, hafifu, kama ya mtu aliyefungiwa.

Asma alikuja kumtazama. Alimkuta amekonda mpaka bangili inapita kiwiko.

"Mtani, umeolewa na njaa?" Asma aliuliza. "Kama ndivyo, mume huyo mbaya. Mwache."

"Niache, Asma. Kazi sina. Kompyuta sina."

"Nani kakwambia huna? Kompyuta si boksi. Nisikilize. Kompyuta ni ubongo wa kufikiri na kumbukumbu ya kutunza. Kisha inahitaji kioo ili uone, na kibodi ili uiambie kitu. Sasa simu janja ina ubongo na kumbukumbu ndani yake. Inapungukiwa na kioo kikubwa, na vibonyezo vinavyotosha vidole. Navyo unavyo. Vimelala kibandani vinakula vumbi."

"Mkia na pembe," Kunegunda alisema.

"Ala! Kumbe ulinisikia!"

Walikwenda kibandani, Kunegunda, Asma na Renatha. Asma alileta kidude chenye waya mfupi na matundu kadhaa. Mafundi hukiita habu.

"Huu waya unaingia kwenye simu," alieleza. "Tundu hili la kioo. Haya mawili ya kibodi na kipanya. Hili la chaja, ili simu isizimike kazini. Kikiharibika kimoja, unabadilisha hicho tu. Vingine vinaendelea. Tuanze na simu ya Renatha."

Wakachomeka. Renatha alibonyeza kibodi, herufi zikatokea kwenye simu yake. Lakini kioo kikubwa kilibaki cheusi kama sufuria la msibani.

"Ndilo tatizo la simu nyingi," Asma alisema. "Zinakubali kibodi, lakini hazipeleki picha kwenye kioo. Kwa hiyo ukitaka kununua simu ya kazi hii, usiamini mdomo wa muuzaji. Hata mdomo wangu usiuamini! Ijaribu na waya palepale dukani."

"Basi imeshindikana," Kunegunda alisema.

"Ile ya marehemu inapeleka. Umesahau siku ya mpira? Aliichomeka kwenye kioo hiki. Waliingia watu mia tatu humu ndani, na mbuzi mmoja."

Renatha alicheka. Kunegunda hakucheka. Alisimama mlangoni, akaziba njia kwa mwili wake.

"Hapana," alisema. "Mtaifuta."

"Mtani, kuchomeka hakufuti..."

"Yule fundi naye alisema anasafisha! Picha zangu zote ziko wapi? Simu haitoki sandukuni!"

Asma alinyamaza. Asma kunyamaza ni sawa na mto Ruvuma kukauka. Alikaa kwenye kigoda, akauliza kwa upole:

"Kuna nini ndani ya simu hiyo, mwenzangu?"

"Sauti yake," Kunegunda alisema. "Ndicho nilichobakiwa nacho."

"Iko mahali pengine popote?"

"Hapana."

"Basi hilo ndilo la kwanza. Kioo kitangoja. Hatuchomeki chochote mpaka sauti ipate pacha. Hata sandukuni si salama. Simu huibiwa. Simu hudondoka ndooni. Na hata ukiitunza kama yai, siku moja itazeeka, haitawaka. Hapo utamzika mara ya pili, na safari hiyo hutabaki na kitu. Kitu unachokipenda usikiweke mahali pamoja tu. Na kabla ya kumpa fundi mashine, toa nakala ya vitu vyako. Fundi hajui kipi ni takataka na kipi ni harusi yako."

Kunegunda alilia sana. Renatha alimshika bega. Kisha Kunegunda akaenda nyumbani, akarudi na kanga mikononi, ameibeba kama mtoto mchanga.

Asma alimwachia simu aishike mwenyewe. Alimwonyesha pa kubonyeza. Nakala moja ikaenda kwenye simu ya Renatha. Nyingine ikaenda kwenye flashi.

"Tumemaliza?" Renatha aliuliza.

"Bado. Nakala ambayo hujaifungua ni kama sufuria usilolifunua. Hujui kama ndani mna kitu."

Wakaifungua ile ya simu ya Renatha. "Baba Renathaaa!" Wakaifungua ile ya kwenye flashi. "Ugali unapoaaa!" Kunegunda alifumba macho. Ilikuwa nzima, pamoja na kicheko kidogo cha Tadei pale mwisho.

"Flashi nitaitunza mimi nyumbani," alisema. "Chomekeni."

Habu ikaingia kwenye simu ya Tadei. Kioo kikapepesa, kikawaka. Madirisha yakajipanga juu yake, mapana, kama ya kompyuta waliyoizoea. Kunegunda alikaa kwenye kiti cha mumewe. Baadhi ya herufi za kibodi zilikuwa zimefutika kwa vidole vya Tadei. Akaweka vidole vyake palepale. Akaanza kuchapa barua ya majaribio.

Alikuwa katikati ya barua umeme ulipokatika. Kioo kikazima.

"Imefutika!" Kunegunda alipiga yowe. "Niliwaambia!"

"Tazama simu," Asma alisema.

Barua ilikuwepo kwenye simu, herufi kwa herufi.

"Lile boksi umeme ukikatika lingezima na kazi yako," Asma alieleza. "Simu ina betri yake. Kioo kimelala, ubongo uko macho. Lakini usiitwishe mzigo wa punda. Video ndefu na michoro mikubwa itaichosha. Ikipata moto, ivue kava uipumzishe. Barua, ratiba na maombi ya kazi, hayo inayaweza. Na kila kazi ihifadhi mara kwa mara, weka nakala kwenye flashi ya dukani. Umesikia, mtani?"

"Nimesikia, mwalimu wa kelele."

"Ehee! Sasa unaanza kupona."

Habari hazikai. Wiki ile Bernadina alishuka kutoka Peramiho na printa kichwani, imefunikwa kitambaa cha maua. Kumbe kule kwake alikuwa ameigeuza meza ya kuwekea vyombo.

"Wifi," alisema, macho chini, "nimerudisha kiwele."

Leodegari naye alikuja kutoka Namtumbo. Alileta lile boksi. Alileta pia debe la mahindi, limejaa mpaka mdomoni. Alitua boksi mbele ya kibanda, akamsogezea Kunegunda debe.

"Hili sijalimwaga, shemeji," alisema.

Kunegunda alilipokea kwa mikono miwili. Picha hazikurudi, hazitarudi. Lakini alimvutia shemeji yake kiti.

Kibanda kilifunguliwa kabla ya mwezi kuisha. Muuza chipsi akatafuta mahali pengine. Mteja wa kwanza alikuwa mzee Muhsini, muuza korosho, aliyetaka barua ya ofisini. Alikaa kwenye benchi, fimbo magotini. Kunegunda alichapa. Vidole vilianza vizito, kisha vikakumbuka njia. Kuku wa jirani waliinua vichwa.

Mara kioo kikapiga kelele. Kioo kile kilikuwa na spika zake, na sasa sauti ya simu ilitokea huko, kubwa, imejaa kibanda kizima:

"Baba Renathaaa! Ugali unapoaaa!"

Mzee Muhsini aliruka, fimbo ikaanguka.

"Lahaula! Mama, nani huyo?"

Nje, watu wa mtaa waliokuwa wakipita walisimama. Walikuwa hawajaisikia sauti ile tangu masika.

"Mwenye duka," Kunegunda alisema.

"Anataka nini?"

"Anaita watu wakale."

Alitazama barua. Ilibaki mstari mmoja tu. Vidole vyake vilitaka kuumalizia. Akavitoa kwenye kibodi, akanawa, akafunua hotpoti. Ulikuwa ugali wa mahindi ya Leodegari, bado unafuka moshi. Akamsogezea mzee Muhsini maji.

"Karibu, mzee wangu. Barua itasubiri. Ugali hausubiri."

Akamega tonge. Machozi yalidondokea kwenye mboga, lakini alikula mpaka akamaliza.