Boriti ya Nyumba ya Aija

Dari ilikuwa inatoka jasho. Hakukuwa na mvua. Kimbunga Gonu kilikwishapita miezi nyuma. Lakini boriti ya katikati, iliyobeba paa zima, ilidondosha maji meusi mkekani, yakinuka tope la mikoko.

"Mti umekatwa kabla babu hajazaliwa," alisema Fawziya. "Tope linatoka wapi?"

"Bomba la jirani," baba yake Muhanna alijibu.

"Jirani gani, Baba? Juu yetu kuna mbingu tu."

Fawziya ndiye aliyeiokoa nyumba ile. Muhanna alitaka kuibomoa ajenge fleti. Fawziya, mwanafunzi wa usanifu majengo na bingwa wa midahalo chuoni kwake Nizwa, alimshinda kwa maneno. Kuta za mawe na chokaa, milango ya msaji, boriti za mikoko zilizovushwa bahari kutoka Rufiji hadi hapa Aija: nani anabomoa kitu kama hicho? Bi Mabruka, mganga wa mtaani, aliwaonya kwamba boriti haikatwi kabla ya kuchinjwa mbuzi, ncha yake ipakwe damu.

"Nyumba haili nyama, bibi," Fawziya alimcheka. Fundi akaikata ncha iliyooza, kavukavu.

Adhuhuri ile, watu wamejilaza, boriti ilikoroma. Kabla Fawziya hajainuka, Muhanna alinyanyuliwa mkekani kama kanzu iliyopeperushwa, akabamizwa darini, akaachiwa, akanyanyuliwa tena, na kila uso wake ulipogonga boriti mti uliinyonya damu ukabaki mkavu, na Fawziya aliyemng'ang'ania miguu akabururwa naye ukutani mpaka kucha zikamng'oka kwenye chokaa, mpaka akausikia mkono wa baba yake ukivunjika, tena kwa taratibu, kama mtu anayevunja kuni huku anawaza mengine.

Bi Mabruka, aliyesikia mayowe, aliingia na chetezo cha ubani. Muhanna alikuwa chini, macho meupe.

"Jini atasema," Bi Mabruka alimnong'oneza Fawziya. "Nitamjibu mimi peke yangu. Anayemjibu ndiye anayehamiwa. Umenielewa, mwanangu?"

Fawziya akaitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa na mkoko wangu," ilisema sauti kifuani mwa Muhanna. "Nani aliniomba ruhusa kabla ya shoka?"

"Tutakupa mbuzi," bibi akajibu.

"Mbuzi mlininyima. Nimeshaonja huyu."

Bi Mabruka akasoma Ayatul Kursiy, akasoma tena, sauti ikamkauka. Shingo ya Muhanna ilikuwa inageuka polepole, ikipita pale shingo ya mtu inapokomea.

"Bibi, anamuua."

"Nyamaza, wewe."

"Ninyamaze vipi?" Fawziya akapiga magoti, akamkabili usoni. "Wewe. Aliyeikatisha boriti ni mimi, huyu alikuwa ananiridhisha tu. Mwache. Jibizana na mimi."

Shingo ikaachiwa. Muhanna alivuta pumzi moja ndefu, akafumbua macho yake mwenyewe, akamtafuta binti yake. Fawziya alikuwa ameshainuka, amewapa mgongo.

"Baba," kinywa cha Fawziya kilisema, kwa upole kabisa. "Niitikie."

Bi Mabruka akamrukia Muhanna, akamziba mdomo kwa mikono yote miwili.