Hukungoja Tufike Tura

Consolatha alikuwa uani kwake, mtaa wa Gongoni, Tabora, akianika michembe ya viazi vitamu juu ya mkeka. Familia yake ilihamia mjini kutoka kijiji cha Tura, kituo cha misafara ya zamani. Mwanawe, Sixbert, alikuwa mkimya. Katika mtaa mzima alipata rafiki mmoja tu: Najiat, binti wa jirani yao Zabibu, mwenye asili ya Kiarabu.

"Wapagazi, mwendo!"

Consolatha akainua macho. Najiat alikuwa mbele, fimbo mkononi. Sixbert alimfuata ameinama, mzigo wa kuni kichwani.

Moyo wa Consolatha ukawaka. Bibi yake alikuwa amemsimulia misafara ya kale: pembe za ndovu, minyororo, watu waliouzwa kama mbuzi.

"Wewe Mwarabu!" alifoka. "Mwanangu si mtumwa wako! Damu yenu haipotei!"

Akamvuta Sixbert ndani. Najiat akakimbilia kwao akilia.

Tangu hapo Sixbert hakucheza tena. Alishinda kizingitini, kidevu magotini. Zabibu naye akawa anapita kimya, bila hata salamu.

Siku moja akaja Recheli, mwalimu wa chekechea mtaani hapo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Sixbert. Mbona kijana amenyauka hivi?"

Consolatha akaeleza yote. Recheli alisikiliza, kisha akauliza, "Mchezo uliutazama mpaka mwisho?"

"Wa nini? Nilishaona!"

"Uliona fimbo na rangi. Je, fimbo hiyo angeishika binti yangu mimi, ungefanya nini?"

"Ningecheka," Consolatha akakiri.

"Basi macho yako ni mazima, mwenzangu. Chuki ndiyo iliyoyaziba. Ya zamani ni kweli, wala tusiyafiche. Lakini Najiat hakuyatenda. Ukitilia shaka mchezo, tazama: wanapokezana? Anayetaka kuacha anaachwa? Halafu waulize wenyewe."

Consolatha akamgeukia mwanawe. "Eti baba, mchezo ule nani aliubuni?"

"Mimi. Ni msafara wa kwetu. Pale bombani ndipo Tura. Tukifika Tura, Najiat anabeba kuni, mimi nashika fimbo." Akainamisha kichwa. "Mama, hukungoja tufike Tura."

Aibu ikamshika Consolatha. Hakungoja jua lipoe. Akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Zabibu.

"Hodi."

"Karibu," Zabibu akajibu, uso mkavu.

"Nimekuja kuomba radhi, dada. Nilimtukana mwanao kwa rangi yake. Hakuwa na kosa. Kosa ni langu."

Zabibu akaegemea mlango. "Babu wa babu yangu amezikwa hapa Tabora," akasema. "Na bado tunaulizwa tumetoka wapi."

"Mimi sitauliza tena."

Najiat akachungulia nyuma ya mama yake. "Mama Sixbert, na wewe utabeba kuni?"

"Nitabeba, mwanangu. Ila mgongo wangu mzee, msinipeleke mbali!"

Zabibu akacheka. "Ingia ndani basi, mpagazi. Chai ipo."

Siku hizi Sixbert hashikiki. Sauti yake ndiyo ya kwanza kusikika mtaani. Kila akiisikia, Consolatha humshukuru Mungu kwa jirani aliyemuuliza swali, na kwa jirani aliyemfungulia mlango.

Juzi Consolatha alikuwa bombani, Sixbert na Najiat wakija na msafara wao. Mama mmoja akaonyesha kidole. "Muone yule mweupe anavyomburuza mwenzake!"

Consolatha akatua ndoo yake.

"Subiri, mwenzangu," akasema. "Njoo tukae hapa. Tuwatazame kwanza."