Mti Usiolipiwa

Maiti ya Nyange ilikutwa asubuhi chini ya mnazi, imelala ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, macho yamefumbwa.

Inspekta Khatib aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyompendeza Koplo Jaribu, ambaye hakuwa amekunywa chai. Ulikuwa msimu wa karafuu wa mwaka 1934, katika shamba moja la upande wa Ole, kaskazini ya Chake Chake. Kando ya miguu ya marehemu palikuwa na kamba ya kukwelea na nazi chache zilizotawanyika. Hadithi ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Polisi walitakiwa waipokee tu na kuitia sahihi.

"Kaanguka mnazini, Afande," alisema Jaribu. "Watu wote wanasema hivyo."

"Watu wote ni nani?"

Koplo alifikiri. "Mzee Mjaka."

Huyo Mjaka alikuwa amesimama kivulini, mbali kidogo, kanzu nyeupe isiyo na hata doa la utomvu, tasbihi mkononi, alama ya sijda imemkaa katikati ya paji la uso. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa Mfuko wa Shifaa.

Mfuko huo ulianzishwa na wenye mashamba. Kila mchumaji alikatwa sehemu ya ujira wake, naye akaahidiwa kitanda katika nyumba ya wagonjwa ya Daktari Devji, mjini Chake Chake, yeye na watu wake. Masharti aliyasoma Mjaka mwenyewe mwanzo wa kila msimu, kwa sauti ya mtu aliye juu ya mimbari. Mfuko ulilipia homa, kikohozi, majipu na minyoo, yaani yale ambayo watu wa Ole walikuwa wakiyatibu jikoni tangu enzi za mabibi zao. Haukulipia uzazi, kwa kuwa uzazi si ugonjwa; wala meno, kwa kuwa mtu huweza kula uji; wala maradhi aliyokuja nayo mtu, kwa kuwa aliyokuja nayo ni yake. Kuumwa na nyoka ulilipia kabla ya magharibi tu, kana kwamba nyoka nao wana saa za kazi.

Sharti moja tu lilikuwa na maana. Aliyeanguka kutoka mkarafuuni akiwa kazini alilipiwa kitanda mpaka atembee. Bila hilo asingejiunga hata mmoja, maana tawi la mkarafuu hukatika bila kutoa ishara, na kila msimu huangusha mtu. Ama mti mwingine wowote, mnazi, mwembe au mfenesi, haukulipiwa. Aliyeanguka humo wakati wa msimu alihesabiwa kuwa ameiacha kazi, na Mfuko ulimtoa yeye na watu wake wote.

Watu wa Nyange walikuwa wawili: mkewe Mwanawema, na binti yao mdogo, Tatu, ambaye wakati huo alikuwa amelala kwa Daktari Devji na mguu uliotunga usaha hadi mfupani.

Khatib aliinama, akaokota nazi moja. Kikonyo chake kilikuwa kikavu, cha rangi ya udongo. Akaokota ya pili, vivyo hivyo.

"Hizi zimeanguka zenyewe siku nyingi," alisema. "Mtu aliyekwea mnazi huangua nazi kwa panga. Panga liko wapi?"

Jaribu akazunguka mnazi mara moja, kisha mara ya pili kwa kuwa Inspekta alikuwa bado anamtazama. Panga halikuwapo.

"Na mtu anayeanguka kutoka juu kule, Koplo, huchagua ubavu wa kulalia?"

Jaribu hakuwa mwepesi, lakini alikuwa Mwislamu. Alitazama uso wa marehemu, akatazama upande wa kaskazini, kisha kiu ya chai ikamtoka.

"Kaelekezwa," alisema polepole.

"Kaelekezwa, akafumbwa macho. Alikuwapo mtu hapa."

Mwanawema walimkuta amekaa chini katikati ya wanawake wa jirani, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Khatib alivua kofia, akakaa kizingitini, akampa pole na kumuuliza maswali yake kwa sauti ya chini. Mwanawema alieleza kwamba mumewe alikuwa na asili ya Unyamwezi, na kwamba minazi hakuijua. Mkarafuu una matawi ya kushika, mnazi hauna. Vijana wa Ole walikuwa wakimcheka kwa kuwa hata dafu alinunua.

"Mzee Mjaka katuma mtu asubuhi hii hii," alisema. "Mwanangu atolewe kitandani leo, kabla ya alasiri. Ati baba yake kavunja sharti."

"Daktari anasemaje kuhusu mguu?"

"Akitolewa sasa, ukatwe. Au afe." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Baba yake maiti bado haijaoshwa, Inspekta. Huyo mtu hana haya?"

"Hana," alijibu Khatib. "Lakini Tatu hatoki leo."

Aliahidi bila kuwa na mamlaka ya kuahidi, na alilijua hilo alipokuwa akisimama. Maiti ilipelekwa Chake Chake kwa gari la polisi, na Daktari Devji akaichunguza dirishani, penye mwanga, hatua chache kutoka chumba alicholala Tatu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi.

"Uti wa mgongo umevunjika hapa, kiunoni. Shingo ni nzima. Kichwa ni kizima."

"Alikufa papo hapo?"

"La. Angalia majeraha yalivyovimba. Maiti haivimbi hivi. Aliishi saa kadhaa. Na mgongo umechubuka kwa urefu. Shati limejaa nyuzi za jamvi na vumbi la karafuu kavu. Aliburutwa juu ya jamvi, akiwa hai."

"Na ubavu huu?"

"Damu imetuama upande wa kulia tu. Aliyemgeuza alimgeuza alipokata roho, au mara baada yake. Hakuja kumwokota asubuhi."

"Angebebwa juu ya ubao, akaletwa kwako?"

Daktari alifuta mikono. "Pengine asingetembea tena. Lakini angeishi. Kuburutwa ndiko kulikommaliza. Angelala hapa mwaka mzima, labda zaidi."

"Kwa gharama ya Mfuko."

"Sharti linasema mpaka atembee," alisema Devji, akageuka kuangalia mlango wa chumba cha Tatu. "Yule ninaambiwa nimtoe kabla ya alasiri. Naweza kuchelewesha, Inspekta, lakini vitanda vilivyobaki ni vya Mfuko pia."

Walirudi Ole. Majani makavu yaliyotanda chini ya miti yalikuwa yamefagiwa na kitu kipana kilichokokotwa, na njia hiyo iliishia chini ya mkarafuu mrefu wa ukingoni mwa shamba. Juu yake tawi moja nene halikuwapo. Kisiki chake kilikuwa kimesawazishwa kwa panga, na ndani yake palikuwa bado peupe kama nyama ya muhogo. Tawi lenyewe walilikuta limetupwa mtaroni, limejaa karafuu mbichi. Jaribu, ambaye mamake alikuwa mchumaji, alilitazama kwa chuki. Hakuna mtu Pemba, alisema, anayetupa karafuu katikati ya msimu, ila yule ambaye hajawahi kuzichuma.

Wachumaji walihojiwa mmoja mmoja. Wote walieleza jambo lilelile: alasiri ya jana waliondoka kwenda kupima, Nyange akabaki kumalizia kilele, na Mzee Mjaka akabaki kuwasubiri waliochelewa.

Mjaka aliletwa kituoni. Alikaa kama mtu aliyekuja kukagua kituo.

"Mfuko wako una sifa, Mzee," alianza Khatib.

"Alhamdulillahi. Wenye mashamba wameridhika. Msimu huu ukiisha salama, watanikabidhi mashamba yote, kutoka Mkoani mpaka Micheweni."

"Ukiisha salama maana yake nini?"

"Bila mgonjwa wa kulala muda mrefu. Mmoja tu wa namna hiyo hula haki ya wengine."

"Umelipia wangapi walioanguka mkarafuuni, tangu uanze?"

"Hajatokea."

"Misimu yote hiyo?"

"Mungu katuhifadhi. Wapo walioanguka, ila kila ukichunguza unakuta sharti halikutimia. Mmoja alikuwa anashuka, hapandi wala hachumi. Mwingine tawi lilikuwa bovu, naye alipaswa kuliona."

Khatib alimtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga njiani. Hakumuuliza juu ya jamvi, wala juu ya tawi. Alijua kwamba mtu wa namna hii angekuwa na sharti la kujibu kila kitu. Badala yake alichukua kalamu.

"Basi niandike. Nyange alianguka mnazini, akafa peke yake."

"Peke yake, masikini."

"Hapakuwa na mtu wa kumtia maji mdomoni."

"Hapakuwa."

"Wala wa kumtamkisha shahada."

Tasbihi ilisimama.

"Kafa kama mbuzi, kwa ufupi," alisema Khatib, akiandika. "Nitamweleza mkewe. Na Ijumaa nitamwomba Shehe awatangazie watu msikitini kwamba katika shamba linalosimamiwa na mcha Mungu kama wewe, Mwislamu amekata roho bila hata mtu mmoja wa kumkumbusha Mola wake."

"Usiandike hivyo."

"Ndivyo ulivyosema."

"Hakufa hivyo." Uso wa Mjaka ulikuwa umewiva kwa hasira ya mtu aliyevunjiwa heshima. "Alitamka. Mie mwenyewe nimemlakinia shahada, neno kwa neno, naye akanifuata. Sauti ilikuwa ndogo, lakini alitamka."

Mjaka alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia kutoka ukutani, na mkono wenye tasbihi ukashuka taratibu mapajani.

"Endelea," alisema Khatib.

Akaendelea, kwa kuwa bado aliamini kwamba yakielezwa vizuri yangeeleweka. Alisikia tawi likikatika. Alimkuta Nyange hawezi kusogeza miguu, akatambua mara moja ni mgonjwa wa namna gani. Akachukua jamvi la kuanikia, akamburuta mpaka kwenye mnazi wa karibu. Akaleta kamba na nazi, kisha akakaa naye. Alidhani itakuwa haraka.

"Alikuwa anasema?"

"Kidogo."

"Anasema nini?"

Mjaka alitazama sakafu. "Anauliza machela imefika wapi."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia inakuja."

"Kisha?"

"Kisha magharibi ikaingia. Nikaona anabadilika, nikamlakinia, nikamwelekeza, nikamfumba macho." Aliinua uso. "Mie sikumuua mtu, Inspekta. Nilibadilisha mti tu."

Khatib aliweka kalamu chini. Alikuwa amewahoji wezi na wauaji wa kila aina, na wengi aliwaonea huruma kidogo walipokiri, kwa sababu walijua walichofanya. Kwa huyu aliitafuta huruma hiyo kwa uaminifu wote, akaikosa.

"Koplo, nenda kwa Daktari Devji. Mwambie Nyange alianguka mkarafuuni, akiwa kazini, na msimamizi wa Mfuko amekiri hivyo mbele ya polisi. Binti yake asiguswe mpaka atembee. Ukitoka huko, umpitie Bi Mwanawema umweleze."

"Na la machela nimweleze?"

"La. Hilo nitamweleza mwenyewe."

Jaribu alitoka akikimbia. Inspekta akaanza kuandika maelezo, na kila sentensi aliisoma kwa sauti ili mshtakiwa aithibitishe. Mjaka aliithibitisha moja baada ya moja, kwa utulivu, kama mtu anayepitia masharti. Walipofika mwisho alinyoosha kidole juu ya karatasi.

"Hujaandika kwamba nilimwelekeza kibla."

"Unataka niandike?"

"Ni haki yangu. Hakimu ajue."

"Nitaandika," alisema Khatib, akachovya kalamu wino. "Tena mwanzo kabisa. Bila hilo, mpaka leo Nyange angekuwa ameanguka mnazini."