Nani Atasimama Ukingoni?

Kila alasiri akitoka shule, Esha alivua sare, akachukua mtungi wa plastiki na kuteremka mtoni na mama yake. Esha alichota maji, na mama akasimama ukingoni na fimbo ndefu, akiyapiga maji chubwi! chubwi! na kuyakodolea macho mpaka mtungi ujae. Fimbo hiyo aliishika kwa mkono mmoja, kwani wa pili uliliwa na mamba mahali hapo hapo, kiangazi kilichopita, Esha akiona.

Usidhani Esha alikuwa mtoto wa kulialia. La! Afadhali angelia. Tangu siku ile moyo wake ulikufa ganzi. Akipewa chai alikunywa, akitumwa alikwenda, akichekeshwa alitazama tu. Maji ya Mto Tana yalimfika magotini kila siku, naye hakujua kama ni baridi au moto. Baba yake alikuwa mbali pamoja na ng'ombe, upande wa Bangale, akifuata malisho. Nyumbani walibaki ndama wa kunyweshwa na nyanya asiyeona vizuri. Kazi zilikuwepo, Esha akazifanya, basi.

Shule yao ya kijijini iko chini kidogo ya Garsen. Asubuhi moja Mwalimu Hulda, aliyefundisha Gredi ya Sita, aliingia darasani akiwa na habari.

"Siku ya Kutoa imekaribia," alisema. "Mwaka jana tuliwapelekea nguo waliokumbwa na mafuriko. Mwaka huu tutakisaidia kikundi cha Sauti ya Ukingoni. Mnakijua?"

"Nakijua!" akadakia Randu, mvulana ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Ni wale akina mama wa mikutano. Wanaongea, wanaongea, halafu wanakunywa soda! Mwalimu, si afadhali tuwapelekee wenye njaa unga?"

Darasa zima likaangua kicheko. Esha peke yake hakucheka.

"Unga ukipikwa leo, kesho umekwisha, na mamba bado yuko mtoni," akasema Mwalimu Hulda. "Akina mama hao wanaidai serikali ijenge uzio mahali pa kuchotea maji. Kesho mwenyekiti wao atakuja, mumuulize anachohitaji."

Kweli, kesho yake akaja Bi Laila, mwuza samaki wa sokoni Garsen, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya mto.

"Ahsanteni, wanangu, kwa kutukumbuka," alisema. "Alhamisi ijayo, siku yenu hiyo ya Kutoa, kamati ya kaunti itatusikiliza kule Hola. Lori tumeshaazimwa. Tunachokosa ni watu! Kila mama nikimwambia twende, ananiuliza: ndama atawanywesha nani? Ndege wasiule mpunga, ataamia nani? Na yule ambaye kamati ingemwona kwa macho ikaamini, amekataa katakata."

Vichwa vyote vikamgeukia Esha.

"Mama ana nini, mwanangu?" Bi Laila akamuuliza kwa upole.

"Ni mgonjwa," akajibu Esha.

Ulikuwa uongo, nao ulimtoka bila shida. Hakuona haya wala hofu. Alichotaka ni wale wenzake waache kumtazama. Bi Laila akashusha pumzi na kusema kwamba bila yule mama hajui kama watasikilizwa, na kikao kingine haijulikani kitaitwa lini.

Alasiri ile, mtungi ukiwa nusu, Esha alisema, "Mama, Bi Laila alikuja shuleni."

"Najua. Hapa pia alikuja."

"Kwa nini hutaki kwenda Hola?"

Mama hakuyabandua macho yake majini. "Nikienda, nani atasimama hapa?"

"Naweza kuchota peke yangu."

"Siku ile hata mimi nilisema naweza." Akayapiga maji tena, chubwi!

Ndipo Esha akauona mkono wa mama ukitetemeka kwa uchovu. Ulikuwa ukitetemeka hivyo kila siku, naye hakuwahi kuutia maanani. Alielewa kwamba mama angesimama pale mwaka huu na mwaka ujao, mpaka uzee umkute na fimbo yake. Akajitwika mtungi, wakarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata wanafunzi walikuwa wakibishana kama wakipe kikundi ndizi au mayai. Esha akasimama. Darasa zima likamgeukia, maana hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho Esha kusimama bila kuitwa.

"Mwalimu, jana nilisema uongo," alisema huku akitazama dawati. "Mama si mgonjwa. Haendi kwa sababu hakuna wa kusimama ukingoni nikichota maji."

Akaketi. Randu akajikuna kichwa.

"Mimi nitasimama," akasema. "Sauti ninayo. Nikipiga kelele, mamba mwenyewe atahamia baharini!"

"Sisi tutanywesha ndama," akasema Jarso.

"Na sisi tutaamia ndege," akasema Ifrah, "ili mama yake Jarso naye aende."

"Hakuna mtoto atakayekwenda mtoni bila mtu mzima," akasema Mwalimu Hulda. "Mimi nitakuwa pale nanyi, na walimu wenzangu pia. Kumbe zawadi yenu ndiyo hii! Ndizi zenu kuleni wenyewe."

Alhamisi lori lilijaa akina mama. Mama yake Esha alipanda mwisho. Kwanza alishuka mtoni, akawakuta Mwalimu Hulda na Randu wamesimama tayari, akampa Randu fimbo yake.

"Usimwangalie mtu," alimwambia. "Angalia maji."

"Sawa, mama," akajibu Randu. Na mvulana yule aliyeshindwa kunyamaza kipindi kimoja hakufungua mdomo mpaka mtungi wa Esha ulipojaa.

Lori liliporudi jioni, Bi Laila alikuwa wa kwanza kuruka chini. "Esha! Mwenyekiti wa kamati alimuuliza mama yako anataka nini. Sisi tulidhani atadai fidia. Alisema, 'Nataka binti yangu achote maji bila mimi kushika fimbo.' Kamati ikaahidi kujenga uzio!"

Mambo hayakwenda mbio, ng'o! Kikundi kilirudi Hola tena na tena kufuatilia ahadi, na kila kiliporudi, Gredi ya Sita ilisimama ukingoni pamoja na walimu. Masika yalipita. Ndipo nguzo zikachimbiwa mtoni na nyavu za chuma zikafungwa kuzizunguka.

Siku uzio ulipokamilika, Mwalimu Hulda aliwakusanya wanafunzi wake pale.

"Kumpa mwenye shida chakula ni jambo jema," alisema. "Lakini wakati mwingine anachohitaji ni mtu wa kumshikia kazi, apate nafasi ya kwenda kudai haki yake mwenyewe. Nanyi mliitoa nafasi hiyo. Lakini tusingejua kinachohitajika kama Esha asingekuwa na ujasiri wa kusema kweli."

Esha akachukua mtungi wake, akaingia ndani ya uzio. Mama alisimama ukingoni mkono mtupu, hajui auweke wapi.

"Mama!" Esha akaita ghafla. "Maji ni baridi!"

"Yamekuwa baridi siku zote, mwanangu," mama akajibu, akicheka.

Machozi yakaanza kumtoka Esha, naye hakuyafuta. Mama akaingia majini na viatu vyake, akamshika mkono.